Timazi Ajifunza Kusimama

Jina la Timazi alipewa na waashi. Timazi ni ule uzi wenye kipande kizito cha chuma mwishoni, ambao fundi huuning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Mpima ardhi huyu, katika miaka thelathini na moja ya kupima viwanja vya watu, hakuwahi kupita penye ukuta bila kuinamisha kichwa na kufumba jicho moja. Akialikwa chakula kwa watu, alikula macho yakiwa kwenye picha iliyotundikwa upande, mpaka mwenye nyumba aone haya na kuinuka kuinyoosha. Mkewe, ambaye alikuwa mkunga, aliwaambia wageni kwamba harusi yao ilichelewa nusu saa kwa sababu bwana harusi alikuwa akizinyoosha meza.

Kazi yake aliijua. Ndugu walioshikiana mapanga kwa sababu ya mpaka walikuja kwake, wakasikiliza, wakarudi nyumbani kila mmoja na upande wake. Alichokisema Timazi kuhusu mstari hakikupingwa.

Basi ndiyo maana lile jambo la gofu lilikuwa gumu kulisema mbele yake.

Katika mchezo huo aliingizwa na shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, daktari wa meno. Daktari huyu kazini huongea na watu waliofungua midomo wasioweza kujibu, na tabia hiyo hakuiacha mlangoni. Alikuwa na utani wa kutosha mashemeji sita. Kila Jumamosi asubuhi walicheza wawili, na walikuwa wamekubaliana kwamba atakayeshindwa ataosha gari la mwenzake Jumapili, mbele ya geti, majirani wakipita. Kwa miaka minne gari la daktari lilikuwa linang'aa kama meno ya mteja wake mpya. La Timazi lilioshwa na mvua, isipokuwa mara moja tu, wiki ambayo daktari aliumwa kidole.

Shida ya Timazi ilikuwa moja. Mpira wake uliondoka vizuri, ukapaa, halafu kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka, ukageukia kulia. Haukukosa kugeuka hata siku moja. Alilaumu viatu, akanunua vingine. Alilaumu upepo, hata siku ambazo bendera zilikuwa zimelala kama matambara. Alinunua fimbo mpya zenye mipini ya bluu, na mpira ukageukia kulia kutoka kwenye bluu.

"Mpira wako una wenyewe huko kulia," shemeji alimwambia. "Uache uende kusalimia."

Jumamosi moja, kwenye shimo la tatu, Timazi alisimama, akalenga bendera, akapiga kwa nguvu zote. Mpira ulipaa, ukakumbuka jiko lake, ukavuka ua wa michongoma, na kutoka ng'ambo ikasikika sauti ya kioo. Ng'ambo hiyo palikuwa na maegesho ya magari.

Walikwenda kutazama. Kioo cha pembeni cha gari lilelile la Timazi kilikuwa kimebaki fremu tupu, na mlinzi wa maegesho alikuwa amechuchumaa akiokota vipande.

"Pole sana mzee," mlinzi alisema. "Kumbe hili lako?"

"Langu."

"Sasa mbona uliegesha huku?" Mlinzi aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza kwa nini umeanika nguo mvua ikinyesha. "Jumamosi wote wanaegesha kule ukutani. Mpaka wewe upite shimo la nne, ndiyo wanarudi huku. Nilidhani unajua."

Timazi aliinua macho. Kule ukutani magari yalikuwa yamebanana, milango haifunguki. Upande huu, chini ya kivuli kizuri, lilikuwepo gari moja tu. Miaka yote alikuwa akijiona mtu wa bahati kupata nafasi ile.

Alimgeukia shemeji yake. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Shemeji," daktari alisema, akijizuia mpaka mashavu yakamtetemeka, "mimi ndiye niliyewaambia."

Siku hiyo Timazi hakumaliza mchezo. Mkewe alipomwona anaingia nyumbani mapema, uso umemshuka, aliweka chini sufuria.

"Amefariki nani?"

"Kioo," Timazi alisema, akapita kwenda kuoga.

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Kilichomchoma si kioo. Kilichomchoma ni kwamba watu wazima, wenye heshima zao, walikuwa wamepima mahali mpira wake unapoanguka, wakachora mpaka kichwani mwao na kuufuata, na yeye mpima hakuwa na habari. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini angalau huwa anajua kwamba nywele zimeota.

Jumanne jioni alikwenda kwa mwalimu.

Mwalimu wa gofu pale uwanjani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa mzee aliyekata nyasi za uwanja huo hadi anastaafu. Alijifunza kwa fimbo zilizovunjika ambazo wachezaji walizitupa, na sasa aliwafundisha wachezaji hao. Miaka minne Timazi alikuwa akimpita na kusema "Hujambo binti," bila kusimama. Jioni hiyo alisimama.

"Shikamoo mzee," mwalimu alisema.

"Marahaba, binti. Nimekuja unirekebishie pigo langu. Kuna kitu kidogo kimelegea."

"Piga mmoja nione."

Timazi alisimama, akapiga. Mpira ukaenda ulikozoea. Mwalimu wala hakuutazama. Alikuwa akiitazama miguu yake.

"Usisogee," alisema. "Kaa hivyohivyo. Ulikuwa unalenga wapi?"

"Bendera ile nyekundu."

Mwalimu alichukua ufito mrefu mweupe, akaulaza ardhini ukigusa ncha za viatu vyote viwili. "Sasa toka hapo, zunguka nyuma, uangalie huu ufito unaelekea wapi."

Timazi alizunguka. Aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja kama alivyozoea kazini. Akafumba na la pili. Akayafungua yote. Ufito haukuwa unaelekea kwenye bendera wala karibu na bendera. Ulikuwa unaelekea kushoto kabisa, kwenye tangi la maji la jikoni mwa klabu.

Aliuzunguka ufito mara ya pili.

"Nimepima ardhi miaka thelathini na moja," alisema mwishowe, sauti imepungua.

"Na umeipima ukiwa wapi, mzee?"

"Vipi wapi?"

"Ukitazama mstari kwa kile chombo chako, unasimama wapi?"

"Nyuma yake. Mstari unakwenda mbele yangu."

"Hapa unasimama ubavuni mwake. Unauchungulia juu ya bega. Macho yanawadanganya wote, si wewe peke yako." Aliokota ufito. "Mpira ulikuwa unakwenda kulia, basi wewe ukajigeuza kushoto kidogo kuukomesha. Ulivyojigeuza, fimbo ikawa inaukata mpira kwa kuvuka, ukapinda zaidi. Nawe ukajigeuza zaidi. Mmekuwa kama mke na mume walionuniana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze."

Timazi alitaka kucheka lakini ilikuwa bado mapema mno.

"Nitakufundisha," mwalimu aliendelea, "ila wiki tatu hupigi mpira."

"Nitafanya nini sasa?"

"Utasimama."

Alianza na mikono. Timazi aliushika mpini kama mtu aliyekaba mwizi, vidole vimepauka. Mwalimu aliufungua mkono wake wa kushoto, akaulaza mpini kwenye mashina ya vidole badala ya katikati ya kiganja, akaufunga tena. "Ukitazama chini, uone vifundo viwili vya mkono huu. Si kimoja, si vinne." Kisha mkono wa kulia chini yake, kidole gumba cha kushoto kikifunikwa. "Umeshawahi kumvusha mtoto barabara?"

"Nimelea watatu."

"Ulimshikaje? Asichomoke, na asilie. Shika hivyo."

Kisha miguu, upana wa mabega. Kisha mgongo, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Timazi alipoinama alijikunja kiunoni kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, magoti yamekakamaa kama vigingi. Mwalimu alimwekea fimbo nyingine mgongoni, akamwambia ainamie nyongani, makalio yarudi nyuma, mgongo ubaki umenyooka na kugusa fimbo yote, magoti yalegee kidogo tu, mikono ining'inie yenyewe.

"Iache ining'inie," alisema. "Wewe si ndiye Timazi?"

Hapo alicheka.

Mwisho ulikuwa kulenga. Mwalimu alimtaka aanze akiwa nyuma ya mpira, auone mstari kama anavyouona kazini, achague jani au unyasi mkavu mmoja ulio hatua moja mbele ya mpira juu ya mstari huo, kisha aje ubavuni, auelekeze uso wa fimbo kwenye lile jani, na miguu ifuate baadaye. Hili Timazi alilidaka mara moja. Hata yeye, mpaka ukiwa mrefu, huweka kigingi cha kati. Hakuna mpima anayelenga mlima. Aliona aibu kwamba hakuwahi kulifikiria, akaificha kwa kuuliza maswali mengi.

"Mara arobaini kila siku," mwalimu alimwambia. "Simama, jipange, toka. Simama, jipange, toka. Bila mpira."

Hivyo ndivyo utulivu ulivyoondoka katika nyumba ile. Asubuhi mkewe aliamka akamkuta mbele ya kioo cha kabati, amevaa fulana na bukta, ameshika ufagio, makalio yamerudi nyuma.

"Baba watoto," alisema toka kitandani, "unamsubiri nani?"

"Najipanga."

"Nimezalisha wanawake karibu elfu mbili. Hakuna aliyekunja uso hivyo."

Mama huyu hakuwa mtu wa kutazama kazi ikiharibika. Siku ya tatu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe chake, akikagua. Siku ya tano aliona kitu ambacho hata mwalimu hakukiona.

"Mbona hupumui?"

"Napumua."

"Hupumui. Ukishajipanga unabana pumzi mpaka unatoka. Mtu aliyebana pumzi amebana kila kitu, mabega, taya, kila kitu." Akaweka kikombe chini, na sauti yake ikageuka ile ya wodini, ambayo Timazi alikuwa hajawahi kuelekezewa yeye. "Haya. Legeza magoti. Legeza mdomo. Vuta pumzi. Itoe taratibu. Vizuri sana, mama. Tena."

"Mama?"

"Mdomo umezoea. Tena."

Kazini hali haikuwa nzuri zaidi. Alhamisi ya wiki ya kwanza, kaka na dada waliokuwa wakigombania ukanda wa shamba la marehemu baba yao kwa miaka tisa walifungua mlango wa ofisi yake bila kubisha. Walimkuta ameupa mlango mgongo, ameshika rula ndefu ya chuma kwa mikono miwili, amerudisha makalio nyuma, ametulia tuli, akitoa pumzi taratibu.

Dada, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, alimshika kaka yake mkono. Walikuwa hawajagusana tangu msiba.

"Mwenyewe amepatwa," alinong'ona.

"Ni mgongo," kaka alisema. "Baba naye ulimwanza hivihivi."

Walirudi nyuma, wakafunga mlango polepole, wakamwambia karani kwamba watakuja siku nyingine, mzee apumzike. Karani alisema waliondoka wakizungumza. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana katika miaka tisa.

Wiki ya pili Timazi alianguka majaribuni. Mtu amezoea kupiga. Kusimama tu kunawasha. Jumatano alikwenda uwanjani saa nane mchana, jua kali, alijua mwalimu hayupo. Alichukua ndoo ya mipira akaipiga yote, haraka haraka, na kila mpira ulivyokwenda kulia yeye aliukaba mpini zaidi na kujigeuza kushoto zaidi, mpaka akawa amerudi kulekule kwenye tangi la maji. Aliondoka ametota jasho.

Siku ya somo alifika mapema, akasalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi. Mwalimu hakuuliza kitu. Alimwomba amwoneshe anavyoshika, kisha akaugeuza mkono wake wa kushoto juu chini. Kwenye kiganja palikuwa na lengelenge kubwa kama harage.

"Ufagio hautoi hili," alisema.

Timazi, mtu wa miaka hamsini na nane, alitazama viatu vyake.

"Nikuulize, mzee. Mtu akija kwako, amekwisha kumwaga zege la msingi, ndipo anakuomba umpimie mpaka, unamwambiaje?"

"Namwambia abomoe."

"Anakubali?"

"Analia kwanza."

"Haya," alisema mwalimu, na akauachia mkono. Hakumsema zaidi ya hapo. Timazi alisimama kidogo, kisha akaenda nyuma ya mpira ambao haukuwepo, akachagua unyasi wake, akaja ubavuni akajipanga.

"Hivi, mwalimu?" aliuliza.

Yule mwanamke alisikia neno hilo, maana alikawia kujibu. "Magoti," alisema. "Yamebaki magoti."

Jumamosi ya wiki ya nne walirudi uwanjani, mashemeji wawili. Daktari alikuwa amevaa suruali nyeupe mpya, kwa furaha ya kurudiwa na mtu wake wa kumuoshea gari. Kwenye shimo la kwanza Timazi alisimama nyuma ya mpira, akatafuta unyasi, akaja ubavuni, akaweka uso wa fimbo, akapanga mguu mmoja, akapanga wa pili, mpira mkabala na kisigino cha kushoto, akainamia nyongani, akalegeza.

"Shemeji," daktari alisema, "unapiga mpira au unapigwa picha?"

Timazi alikuwa anapumua.

"Mimi nimeshapiga, natangulia. Nitakusubiri mbele, tusije tukazeeka hapa." Na daktari akaanza kutembea, begi begani, katikati kabisa ya uwanja kuelekea bendera. Hakuwa anafanya ujinga. Kila mchezaji wa pale alijua kwamba Timazi akipiga, mahali salama kuliko pote duniani ni mbele yake.

Timazi alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mpira. Hakumwona. Alitoa pumzi, akapiga.

Alisema baadaye kwamba alijua kwa mikono kabla ya macho. Hakukuwa na mtikisiko wowote, ni kama fimbo haikugusa kitu. Aliinua uso, akauona mpira ukienda mbele, ukiendelea kwenda mbele, bila kukumbuka jiko wala jambo lingine lolote, na chini yake kabisa suruali nyeupe.

"Shemeji! Lala!"

Daktari wa meno alisikia, akageuka, akaona kile ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akajitupa kifudifudi. Mpira ulipita juu yake ukiwa na nafasi ya kutosha, ukaanguka chini hatua ishirini mbele, ukabingirika taratibu kuelekea bendera. Alipoinuka, upande wa mbele wa suruali ulikuwa kijani toka pajani hadi kifundoni.

"Umenilenga!" alipiga kelele.

"Nimelenga unyasi," alisema Timazi. Alikuwa amesimama palepale, fimbo mkononi, na hakujua afanye nini na uso wake.

Nisingependa kusema kwamba alishinda siku hiyo, kwa sababu hakushinda. Karibu na mashimo, pale mpira unaposukumwa tu, daktari alikuwa bado fundi na Timazi bado anatafuta njia. Alishindwa kwa mapigo mawili. Kawaida yake ilikuwa kumi na nane hadi ishirini. Jumapili aliosha gari kama kawaida, na majirani waliopita walishangaa kumwona anaosha hadi ndani ya matairi, kwa moyo mweupe. Juma lililofuata mlinzi wa maegesho aliwaona watu wamesimama na funguo mkononi, hawajui tena waegeshe wapi.

Mwalimu, alipohadithiwa, alifurahi kwa kipimo. Alimwambia Timazi kwamba amejifunza kusimama, sasa waanze kupiga. Kuna mambo ya bega, ya nyonga, ya kumaliza. Timazi aliuliza yatachukua muda gani. Mwalimu alitazama mikono yake, akatazama mawingu, akamuuliza ana miaka mingapi.

Mkewe ndiye aliyebadilika kuliko watu walivyotarajia. Alistaafu mwezi uliofuata, na nyumba ikamkalia kimya. Alhamisi moja alivaa raba, akachukua mkoba wake wa mkononi, akamwambia mumewe kwamba anakwenda naye uwanjani. Timazi alimtolea fimbo fupi, akaanza kumweleza habari za vifundo viwili. Mkewe alimrudishia.

"Mimi nimekuja kutembea," alisema.

Walitembea mashimo tisa, yeye akipiga, mkewe akiwa hatua chache pembeni na mkoba wake kwenye kiwiko kama anayekwenda sokoni. Hapakuwa na mtu mwingine. Kati ya shimo la sita na la saba mkewe alianza kusikia mvumo, akadhani ni nyuki. Aligeuka huku na huku. Ulikuwa unatoka kwa mumewe. Alikuwa anaimba puani, bila maneno, hovyo kabisa, akitembea kuufuata mpira wake.

Miaka thelathini na tatu ya ndoa, na sauti ile hakuwahi kuisikia nyumbani. Alikasirika kidogo. Kisha akapunguza mwendo, asimkaribie sana, ili asiache kuimba.